Swali la Saba

Swali lilikuwa fupi: Uhai ulianza wapi?
Chiseo Mbijima, Kidato cha Pili,
dawati la nyuma, dirisha lisilo na kioo,
alijibu kwa Kiswahili, na somo ni la Kiingereza:
"Bahi. Kwenye chumvi. Jua liliwaka, likazima, likawaka."
Nilimpa sifuri. Nikaizungushia duara jekundu,
sifuri ndani ya sifuri,
nikageukia daftari lingine.

Juni nikateremka stesheni ya Bahi na furushi la madaftari.
Mama hakuwepo nyumbani. Yuko mbugani tangu alfajiri,
anakwangua ule weupe unaochipuka juu ya tope lililokauka,
anaujaza kwenye kibuyu chenye matundu, anamimina maji,
na maji yanatoka chini na rangi ya chai ya msibani.
Anayakinga kwa karai pana. Anaketi, anakunja miguu.
Hakusoma kemia.
Kemia ndiyo iliyomsoma yeye, ukurasa kwa ukurasa,
kwenye nyufa za visigino.

Kutwa nzima nilitazama karai.
Saa tano maji yakaanza kurudi nyuma
kama deni linalolipwa senti kwa senti,
yakiacha pete, na ndani ya pete, pete.
Kila kilichokuwa kikielea mbali na mwenzake
kikasogezwa, kikabanwa, bega kwa bega,
kama sisi mwaka ule wa foleni ya mahindi ya msaada:
waliobanwa hushikana mikono, hata wasiojuana majina.

Jioni akamimina ya kibuyu cha pili.
Baridi ikaja na upepo wake wa mashariki.
Kilichoganda kikalegea.
Wengine wakaachana humo gizani, bila kelele.
Wengine, sijui kwa nini, hawakuachana.

Nikachuchumaa na tochi ya simu, mwalimu mzima,
nikiwaza dunia ikiwa bado haina hata jani la kuchuma,
siku zake fupi kuliko hizi,
inazunguka mbio kama mtoto aliyetumwa dukani na chenji ya kubaki nayo.
Jua kali, halina pazia angani.
Dimbwi. Kingo za dimbwi. Linakauka, linalowa,
linakauka.
Mchana unaunga na kuvunja kwa mkono uleule,
usiku unapoza, unaficha kilichosalia,
kesho tena, kesho tena,
mara ngapi hata hesabu yenyewe inachoka,
mpaka labda (naandika labda, nimefundishwa kuandika labda)
mnyororo mmoja ukaamka asubuhi ukiwa mrefu kuliko jana
na ukakumbuka jinsi ya kuwa vile.

Jua lisilokoma lingetuachia jivu.
Giza lisilokoma, maji ya baridi yasiyo na habari na mtu.
Sisi huenda ni watoto wa kukatizwa.

"Zima hiyo taa," Mama akafoka kutoka kwenye turubai.
"Unalichungulia karai kama linakudai.
Kinachopikwa bila kuachwa kinaungua. Lala."
Nikazima.
Nikalala nikisikia, au nikidhani nasikia,
chembe zikichaguana.

Alfajiri pembeni mwa karai palikuwa na ukoko mweupe,
mwembamba kama kucha ya mtoto mchanga.
Mama akauonja, akatema: "Bado." Akaongeza maji.

Nikatoa daftari la Chiseo.
Wino mwekundu haufutiki kwa mpira.
Nikachukua wembe, nikakwangua taratibu
kwa mkono ulioinama kama mkono wake kule mbugani,
duara, kisha duara la ndani,
mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa pale palipokuwa na sifuri pana tundu,
na jua la saa moja linapenya humo,
dogo, la mviringo,
linatua juu ya swali la nane
ambalo Chiseo hakulijibu.